Majibu Yaliyotundikwa Jikoni

"Hivi wewe Mwantumu, kanga yako imejaa mafundo kila pembe kama mtego wa kware. Unafuga nini humo?"

Aliyeuliza ni Leokadia, jirani wa ua wa pili. Alikuwa Msukuma, mke wa Nkuba, na kazi ya mumewe kwenye shamba la utafiti ndiyo iliyomtoa kwao kwenye jua akaja kutetemeka Uyole. Yeye Mkatoliki wa rozari mkononi, Mwantumu Mwislamu wa sala tano, na bado chumvi waliazimana bila kuulizana dini.

"Majibu," alisema Mwantumu, macho yake yakiwa kwenye chuma cha vitumbua.

"Majibu ya nani?"

"Ya shemeji Othmani."

Leokadia alicheka hadi akaegemea ukuta. "Mayu, mama yangu! Jitu zima lile limefungwa kwenye pindo la kanga!"

Hakuna mwanamke asiyejua fundo la kanga. Ukipewa salamu uzifikishe, unafunga fundo. Ukikumbuka ukiwa njiani kwamba chumvi imekwisha, unafunga fundo. Mwantumu naye, tangu atoke eda, alikuwa na jambo moja tu la kukumbuka, ila lilikuwa likimjia vipande vipande, na halikuwa na adabu ya kubisha hodi.

Jambo lenyewe ni hili. Mumewe Makame, Mungu amrehemu, aliacha kaka mkubwa aitwaye Othmani, mfanyabiashara wa Ipogolo kule Iringa. Othmani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa maneno. Akianza kusema ni kama mashine ya kusaga: ukishamwaga mahindi yako huwezi kuiambia ngoja kidogo. Eda ilipokwisha tu alifika Uyole, akakalia kiti cha marehemu bila kuonyeshwa, akaeleza. Kwamba mwanamke hakai peke yake kando ya barabara kuu. Kwamba tangu lami ipite malori yamekuwa mengi na watu wa kila namna. Kwamba yeye, kwa mapenzi ya ndugu yake, yuko tayari kumwoa mjane wake na kumhamishia Ipogolo, akae pamoja na mke mkubwa kwa amani.

Mwantumu alikuwa na la kusema. Alikuwa nalo kabisa! Asubuhi ile ile, akitwanga mchele wa vitumbua, neno zuri lilikuwa limemjia, lina kichwa na mkia. Lakini mbele ya Othmani neno likayeyuka kama samli juani, na kilichomtoka kinywani kilikuwa, "Nikuongezee chai, shemeji?"

Othmani aliongezewa chai. Alipoinuka akasema kwa furaha, "Basi nimekuelewa. Ukimya wa mwanamke ndiyo ridhaa yake."

Hapo Mwantumu aliingiwa na baridi ambayo si ya Uyole. Chuoni, utotoni, mwalimu wake alikuwa akiwarudia hilo mpaka likawaingia: ukimya ni idhini ya mwanamwali, mjane huulizwa, naye hutamka kwa kinywa chake. Asipotamka, watu watamtamkia. Naye hakumtaka Othmani. Hakuitaka Ipogolo. Alitaka nyumba yake, aliyoandikiwa na Makame angali hai, na chuma chake cha vitumbua, na madereva wanaopiga honi wakikaribia na kuita, "Mama, tubakizie!" Nia alikuwa nayo. Alichokosa ni maneno ya kuibeba, yawe pamoja, yawe tayari siku yatakapohitajika.

Ndiyo sababu ya mafundo. Jibu likimjia bombani, fundo. Likimjia akiwa anatoka kusali, anamwomba Mungu radhi kwa kuwaza mengine kwenye msala, halafu fundo.

Leokadia alishika moja, nene kama kidole gumba. "Haya, hili linasemaje?"

Mwantumu alilitazama. Akaligeuza upande wa pili. "Hilo lilikuwa zuri sana."

"Linasemaje?"

"Nilicheka peke yangu wakati nalifunga."

"Dada, linasemaje?"

"Sijui, bwana!"

"Loo! Kwa hiyo fundo lako linakukumbusha kwamba umesahau."

Ingekuwa heri maneno yangeishia hapo, lakini baada ya siku chache Leokadia alipata msiba upande wa Igawilo, na kanga zake zote zilikuwa kwenye kamba zinachuruzika maji. Akaazima ya Mwantumu. Aliirudisha imefuliwa, imepigwa pasi ya mkaa, imekunjwa vizuri kama nguo ya bibi harusi.

"Na mafundo nimekufungulia yote," alisema, uso unang'aa kwa wema. "Yalikuwa yamekaza, shoga yangu! Moja nimelifungua kwa meno."

Mwantumu alikunjua kanga. Ilikuwa laini, nyoofu, haina habari yoyote.

"Leokadia, umekula majibu yangu."

"Aa! Nisamehe, dada. Ila hayakuwa na ladha."

Walicheka, kwa kuwa kulia kusingerudisha kitu. Lakini Mwantumu alipobaki peke yake alikubali jambo moja: hata kama mafundo yangekuwepo, hayakuwa na kitu ndani. Akaona sasa aandike.

Alikuwa amesoma hadi darasa la nne, na mwandiko wake ulikuwa mviringo, unakwenda polepole kama mtu mwenye mzigo kichwani. Alichukua mifuko ya kaki ya sukari, akaipasua, akaigandisha kwa uji mmoja baada ya mwingine mpaka akapata karatasi ndefu. Humo akaandika kila kilichomjia, kwa mpangilio wa kuja kwake. Maneno yake yalipokauka, aliazima ya redio. Ya redio yalipokwisha, aliazima ya hotuba ya Ijumaa aliyosimuliwa. Kufikia mahindi yanapokauka shambani, karatasi ilikuwa ndefu kuliko msala, na Mwantumu aliiviringisha akaiweka chini ya mto akijiona sasa amekuwa na silaha.

Othmani akaja tena. Alipita na mzigo wa biashara yake, akakaa pale pale, akaanza pale alipoachia.

"Sasa, shemeji, la mwanamke kukaa peke yake nilikwisha kulieleza."

"Nisubiri kidogo, shemeji," alisema Mwantumu, akaingia chumbani mbio.

Alitandaza karatasi kitandani. Ilianguka upande wa pili ikafika mlangoni. Jibu la mwanamke kukaa peke yake liko wapi? Alipoona "mwanamke," ilikuwa habari ya mwanamke wa Mwanjelwa aliyezaa mapacha. Alipoona "peke yake," lilikuwa beberu la jirani. Akashuka chini zaidi: Leokadia arudishe ungo. Hamira imepungua. Shemeji asidhani mimi ni, na hapo uji ulikuwa umefunika neno.

"Shemeji! Chai inapoa huku!"

Kwa haraka alishika sentensi ya kwanza iliyoonekana kuwa na uzito, akatoka nayo, akasimama wima kama mtoto anayesomeshwa mbele ya mkaguzi, akasoma: "Ni wajibu wa kila mwananchi kuimarisha maendeleo ya jamii kwa kuzingatia misingi ya kujitegemea."

Othmani alipiga paja kwa raha. Maneno ya namna hiyo yeye alikuwa nayo magunia. "Naam! Umesema kweli tupu! Na msingi wa kujitegemea ni umoja, na umoja unaanzia kwenye ukoo, na ukoo wetu uko wapi? Ipogolo! Unaona tunavyopatana? Basi mkishavuna, njoo tukae kwa dada Mwanakhamisi, tulimalize mbele yake."

Bi Mwanakhamisi alikuwa dada mkubwa wa Othmani na marehemu, na neno likishakubaliwa sebuleni kwake hakuna aliyelirudisha. Mwantumu alikaa kimya, karatasi mkononi, akijua kwamba sasa kimya hicho kimepangiwa siku.

Kabla ya kuondoka Othmani alikula kitumbua kingine, akauliza swali aliloliuliza kila alipokuja: "Hivi huu unga wako unaumukaje na baridi hii? Kwangu mke wangu akijaribu, vinatoka kokoto."

"Naufunika blanketi, naweka karibu na jiko."

"Blanketi!" alisema Othmani, taratibu, kama mtu anayeweka kitu mfukoni.

Mavuno yakaja. Leokadia alikuja kumsaidia kutundika mahindi ya mbegu jikoni, kwenye boriti iliyo juu ya moto, ili moshi uyalinde na wadudu. Mwantumu, ambaye kwao walikuwa watu wa duka, si watu wa jembe, alipanda kwenye kigoda akaegesha hindi moja juu ya boriti. Likamwangukia Leokadia utosini.

"Wewe! Unaniua kwa hindi? Moja halikai huko juu. Menya maganda uyarudishe nyuma, lifunge na mwenzake, moja lining'inie huku na jingine kule. Hapo hata tetemeko lije."

Mwantumu alifunga mawili, akayarusha juu ya boriti. Yakakaa. Akafunga mengine mawili. Yakakaa. Akabaki juu ya kigoda ameyatazama, mdomo wazi kidogo.

"Nini tena?" alisema Leokadia. "Umeona nyoka?"

"Nipe mkasi."

Alikatakata karatasi yote ndefu. Kila wazo alilipa kipande chake, lisikae na hamira wala mbuzi wa watu. Maneno ya redio na ya hotuba alianza kuyaweka pembeni kwa heshima, halafu akamuuliza Leokadia, "Hili la kuimarisha maendeleo ya jamii, mimi ningekuambia wewe hivi?"

"Ungeniambia mimi hivyo ningekupeleka zahanati."

"Basi ningesemaje?"

"Mimi najua? Ni wewe unayetaka kubaki."

Mwantumu alifikiri. "Ningesema, nakula kwa mkono wangu na simwombi mtu."

"Andika hilo. Lile jingine tia motoni."

Vipande vya kuazima vilishika moto haraka kuliko kuni. Vile vyake mwenyewe vilitafutiwa wenza. Hakuna kilichoruhusiwa kupanda kwenye boriti bila mwenzake. Mpweke alikaa kwenye ungo akisubiri. Alivifunga kwa nyuzi za maganda ya mahindi, kimoja huku kimoja kule. Kipande kilichosema *mwanamke hakai peke yake* kilifungwa na kilichosema *nikipiga chafya Leokadia anauliza nina nini*. Kilichosema *barabara ina watu wa kila namna* kilipata *nilipougua malaria dereva Saulo alinichotea maji*. Mara nyingine asubuhi ilifika akaona ndoa haifai, akafungua nyuzi, akampa huyu mwenza wa yule.

"Wanaachana na kuoana hawa kuliko binadamu," alisema Leokadia kila alipoingia kuchukua moto. Lakini naye alizoea, akawa anapita chini ya boriti akisoma kwa midomo, na ikawa akiona viwili vinafaana anaita, "Dada! Hawa mabwana wanaangaliana!"

Mwantumu aligundua kitu ambacho mafundo hayakumpa wala karatasi ndefu haikumpa. Viwili vikifungwa pamoja na kuachwa moshini, baada ya siku mbili tatu kinazaliwa cha tatu ambacho hakukiandika popote. Alikuwa anageuza vitumbua, na hicho cha tatu kinakuja chenyewe, anapangusa mikono, anakiandika.

Mchana mmoja ungo ulibakiwa na vipande viwili tu visivyo na ndugu. Kimoja kilisema *shemeji kila akija anauliza unga unaumukaje*. Alikiandika siku ya blanketi, kwa sababu tu kilimnata. Kingine kilisema *Saulo anasema shemeji anachongesha benchi ndefu na kibanda kando ya barabara Ipogolo*. Hicho nacho kilikuwa umbea wa madereva, hakikujibu lolote. Alikuwa karibu kuviwashia moto vyote viwili. Akashika kimoja mkono huu, kingine mkono ule. Akavisogeza.

"Leokadia!"

Leokadia alikuja mbio na mwiko.

"Shemeji hatafuti mke."

"Anatafuta nini?"

Mwantumu alimpa vile vipande, vimefungwa tayari. Leokadia alisoma, midomo inacheza, akasoma tena, akakaa juu ya kinu. "Anafungua mgahawa," alisema polepole. Kisha akapiga kelele. "Anafungua mgahawa! Dada, umeposewa blanketi!"

Mwantumu alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Halafu akaiokota, akajifunga upya taratibu, bila kicheko, maana hata yule usiyemtaka unapenda akutake wewe, si unga wako. Lakini hakukaa hapo muda mrefu. Alipandisha ile jozi kwenye boriti, mwisho kabisa wa mstari, ikaning'inia pale kama ufunguo.

Siku ya kikao walikwenda na Leokadia, wamekaa mbele kwenye lori la Saulo, kapu la vitumbua magotini. Vile vipande Mwantumu alikuwa amevitoa kwenye boriti na kuvipanga kwenye kamba moja, jozi baada ya jozi, akavifunga ndani ya kanga. Vilinuka moshi hadi Saulo akauliza kama wamebeba samaki.

Ipogolo, Bi Mwanakhamisi aliwapokea kwa udi na zulia. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye kusikiliza kwa macho. Vitumbua vikawekwa kwenye sahani katikati. Othmani alikuwepo tayari, kofia safi juu ya goti, na baada ya salamu na dua mashine ikawashwa. Alisema habari ya marehemu, na ya lami, na ya wajibu wa kaka. Alisema kwa uzuri. Alikula huku akisema, na vitumbua vikawa vinapungua.

Mwishowe Bi Mwanakhamisi aligeuka. "Na wewe, wifi yangu? Umemsikia. Unasemaje?"

Mwantumu alitafuta pa kuanzia. Lile neno la kwanza, alilolipanga vizuri, halikuwepo. Akaanza kupapasa fundo la kanga.

"Unaona, dada," Othmani alisema kwa upole. "Ukimya wa mwanamke..."

"Ngoja, shemeji," alisema Mwantumu. Akafungua kanga, akatoa kamba, karatasi za kaki zikining'inia pande mbili.

"Nini hicho?" aliuliza Othmani.

"Majibu yako. Yamekaukia jikoni."

"Yalichukua muda," Leokadia aliongeza. "Mengine yaliachana."

Mwantumu alishika jozi ya kwanza kwa vidole, kama anayeshika tasbihi, na hakuhitaji kusoma. Mikono yake ilikuwa imevifunga na kuvifungua vile vipande mara nyingi mno. Mkono ulipogusa kimoja, ulimi ulimjua mwenzake.

"Umesema mwanamke hakai peke yake. Mimi sikai peke yangu, shemeji. Nikipiga chafya, huyu hapa anavuka ua."

"Navuka," alisema Leokadia.

"Umesema barabara ina watu wa kila namna. Ni kweli. Mmoja wao alinichotea maji nilipougua. Wewe ulikuwa Ipogolo."

"Sikuwa na habari!"

"Sikulaumu. Nakueleza nani yuko karibu." Vidole vilisogea. "Umesema nitatunzwa. Nakula kwa mkono wangu na simwombi mtu, na Makame hakuwahi kuona aibu kwa hilo. Yeye ndiye aliyenichagulia kile chuma."

Othmani alijikohoza, akajiandaa, na mashine ilikuwa inaanza kunguruma. Lakini kidole cha Mwantumu kilikuwa kimefika mwisho wa kamba.

"Na nilitaka kuuliza, shemeji. Zile benchi zimeshakwisha kuchongwa?"

Mashine ikakwama.

"Benchi gani?" aliuliza Bi Mwanakhamisi.

"Za... za wageni, dada."

"Wageni wako wanakaa kando ya barabara?"

Othmani alitazama zulia.

"Ile meza uliyoniambia ni ya kuuzia chumvi," alisema Bi Mwanakhamisi, akipanga mwenyewe sasa, "na lile karai kubwa uliloniuliza kama naliazimisha. Othmani mdogo wangu, hapa ulikuja kuposa mke, au ulikuja kuposa mpishi asiyelipwa?"

Leokadia alijifunika mdomo kwa kanga. Mwantumu hakucheka. Alikuwa bado na neno moja, na hili halikuwa kwenye kamba. Lilikuwa lile la tatu linalozaliwa, nalo lilimjia pale pale, limenyooka.

"Shemeji, mlete mke wako Uyole. Nitamfundisha kuumua unga mpaka avipike kuliko mimi, na blanketi nitampa. Mgahawa ni jambo jema, Mungu aubariki. Lakini kuolewa na wewe, sitaki. Wifi, umesikia? Sikunyamaza. Nimetamka kwa kinywa changu."

"Nimesikia," alisema Bi Mwanakhamisi. "Limekwisha."

"Na mimi nimesikia," alisema Leokadia, "ingawa mimi wa rozari."

Wote watatu walimgeukia Othmani. Alifungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena, kama mtu aliyefunga fundo kwenye kanga na sasa analitazama. Kisha akainuka, akavaa kofia yake, akainama akachukua kitumbua kimoja kilichobaki kwenye sahani, akakipasua katikati akatazama jinsi kilivyoumuka ndani, akavaa viatu, akatoka nje.